Swichi ya Chumba cha Kati

Siku spika ilipowekwa juu ya kigoda chake, Sindano alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, kikombe cha chai mkononi, akakitazama kile kidude cheusi chenye umbo la kopo la maziwa kilivyojikalia mahali alipokuwa akikaa yeye kila alasiri kwa miaka tisa. Kisha akasema moyoni: haya, uzeeni nimeletewa mke mwenza.

Msicheke. Wivu hauulizi kama mwenzako ana pumzi au ana waya.

Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa kwenye vyeti tu. Watu wote walimwita Sindano, kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa nguo, pili kwa sababu alikuwa mwembamba, na tatu, hii waliisema akishaondoka, kwa sababu ulimi wake ulichoma ukatokea upande wa pili. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Aliwahi kuolewa kwa miaka mitatu, ndoa ikamshinda, akarudi kwa mama yake na cherehani yake ya miguu. Vingine vyote aliwaachia wenyewe. Tangu hapo chumba cha kati kikawa chumba chake cha kulala na karakana yake pia. Kitanda kilikuwa upande mmoja, cherehani dirishani, kisha kabati la chuma la vitambaa, kioo kirefu cha wateja kujitazamia, na meza ya pasi karibu na soketi. Soketi ya chumba hicho ilikuwa moja tu, ya tundu moja, kwa kuwa nyumba ilijengwa zamani, enzi ambazo umeme ulikuwa wa kuwashia taa na kusikilizia redio.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele sebule, kisha korido, kisha chumba cha Sindano, na nyuma kabisa chumba cha Mama, ambacho kiliongezwa baadaye. Kwa hiyo ukuta uliotenganisha chumba cha Sindano na cha Mama ulikuwa zamani ukuta wa nje, mnene, wa mawe, uliojengwa kuzuia mvua na wezi. Ukuta huo utatusumbua mbele.

Mama alikuwa amepita themanini. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, akawa anaona mwanga na vivuli basi, na miguu ilimwomba radhi kila alipotaka kusimama. Lakini masikio! Masikio yake yangeweza kusikia sukari ikiyeyuka kwenye chai. Sindano ndiye aliyemwogesha, aliyemvalisha, aliyempa dawa ya presha saa tatu asubuhi na saa moja jioni. Na kila siku alasiri, kazi ikipungua, alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda akamchana nywele huku akimsimulia ya wateja: nani kanenepa na anagombana na futi ya kupimia, nani kaleta kitambaa cha gauni kisichotosha hata leso. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Sasa niulizeni, ukutani juu ya kitanda ilitundikwa picha ya nani? Ya Kipusa. Kipusa alikuwa kitindamimba, mdogo kwa Sindano kwa miaka kumi na miwili, na miaka kumi na mmoja sasa alikuwa ng'ambo akifanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Pale ukutani alikuwa na koti jeupe na meno yote nje. Picha ya Sindano haikuwepo. Anayeonekana kila siku hatundikwi. Mgeni akija, Mama alinyoosha kidole hewani, mahali alipojua picha ipo, akasema, "Yule pale ni mwanangu wa ng'ambo." Mgeni akiuliza, "Na huyu aliyenifungulia mlango?" Mama alijibu, "Aa, huyu yupo tu."

Yupo tu! Neno hilo lilimkaa Sindano kooni kama mwiba wa samaki. Halikushuka, halikutoka.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa na dawa moja ya kujitulizia, nayo ilikuwa methali. Kipusa akipiga simu, Mama akamsifia sauti, akamsifia akili, akamsifia hata kikohozi, Sindano alirudi kwenye cherehani yake akikanyaga kwa nguvu na kujisemea, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Aliamini hivyo kabisa. Na asiyekuwapo na lake halipo. Mwenye kuwapo ni mimi.

Basi mwaka ule Kipusa akairefusha fimbo.

Lilikuja boksi. Ndani yake mlikuwa na taa inayowaka kwa kuambiwa, kengele ya mlango yenye jicho, kamera ndogo ya kuweka juu ya kabati, na ile spika. Kipusa alikuwa amerekodi sauti yake mwenyewe, akaiweka humo, ili kila saa ya dawa ikifika spika iseme. Vyote vilitakiwa kutumia mtandao wa ruta iliyokuwa sebuleni, na vyote, vilipofikishwa chumbani kwa Mama, vilikaa kimya kama wageni waliokosa kukaribishwa. Ule ukuta, mnaukumbuka? Mawimbi yaligonga pale yakarudi.

Kipusa hakukata tamaa. Akatuma na kidude cha tano, cheupe, cha kuchomeka ukutani, cha kuongeza mtandao. Akapiga simu ya video, akamwelekeza dada yake akichomeke chumbani kwa Mama, karibu kabisa na mto. "Si huko ndiko mtandao haufiki, Dada? Basi tukiweke hukohuko." Sindano akachomeka. Ikawaka taa nyekundu. Wiki nzima ikawaka nyekundu, na Sindano, Mungu amsamehe, wiki nzima aliimba akishona.

Ndipo akaletwa fundi wa mtandao. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevua viatu mlangoni ingawa soksi yake ilikuwa na tundu, na aliyekuwa na tabia ya kuzungumza na vifaa kabla ya kuzungumza na watu. Alipokiona kidude cheupe karibu na mto wa Mama, akacheka.

"Pole sana, mzee wangu," akakiambia kidude. Kisha akageuka. "Nani amekiweka huku?"

"Mwenyewe wa ng'ambo," Sindano akajibu, na jibu hilo lilikuwa tamu mdomoni.

"Sasa, Mama, hii inaitwa ripita," fundi akamweleza bibi. "Kazi yake ni kama ya mpiga mbiu. Anasikia habari kule, anaitangaza huku. Hana habari yake mwenyewe. Ukimweka mahali pasiposikika kitu, atatangaza nini?"

"Hata mimi nilijiuliza," Mama akasema, ingawa hakuwa amejiuliza.

Fundi akachukua simu yake, akaanza kutembea polepole nyumba nzima akitazama kioo chake, kama mtu aliyedondosha hereni. Sebuleni, vistari vinne. Koridoni, vitatu. Chumbani kwa Sindano, karibu na kabati la chuma, kimoja. Nyuma ya kioo kirefu, kimoja, nacho kinapepesa. "Chuma na kioo ni maadui wa mawimbi," alisema. Akasogea kwenye meza ya pasi. Vitatu. Akasimama. Akatazama mlango wa Sindano, akatazama mlango wa Mama uliokuwa karibu nao, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

"Hapa. Kikikaa hapa kinasikia vizuri, na sauti yake inafika kwa Mama kwa kupitia milangoni, na ukutani kidogo. Tena nitatumia mtandao ule wa polepole. Ruta hii inatoa miwili: mmoja una mbio lakini unachoka upesi, mwingine wa polepole unapenya. Vifaa hivi vya nyumbani vinataka wa polepole."

"Na pasi yangu?" Sindano akauliza. "Hiyo soketi ni ya pasi."

"Tafuta ekstensheni, Dada. Yenye matundu hata mawili tu."

"Nitatafuta."

Ekstensheni alikuwa nayo. Ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, yenye matundu manne, zawadi ya mteja mmoja. Lakini mtu halazimiki kusema kila alicho nacho.

Ripita ikawaka kijani. Na kuanzia hapo nyumba ile ikawa na mtoto mpya. "Taa, waka!" Mama anasema, taa inawaka, Mama anacheka. "Taa, zima!" inazima, anacheka tena. Kengele ikilia mlangoni, Kipusa huko ng'ambo anamwona mgeni kabla Sindano hajavaa kandambili. Na saa tatu ikifika, spika kwenye kigoda inasema kwa sauti ya asali: "Mama yangu mzuri, ni saa tatu. Kunywa kidonge cheupe na maji mengi. Nakupenda." Mama anakijibu kile kidude, "Ahsante, mwanangu," anapapasa kopo la vidonge, anakunywa mwenyewe.

Zamani Mama alimwita Sindano mara arobaini kwa siku. Niwashie taa, nizimie taa, nani anagonga, ni saa ngapi. Na Sindano, kwa kweli tumseme, hakuwa akiitika kwa upole. "Nakuja, Mama, nina mikono miwili tu!" alikuwa akifoka, pini mdomoni. Alikuwa akienda kwa kuburuta miguu na kurudi kwa kukimbia. Sasa hakuitwa. Siku mbili za kwanza alijipeleka mwenyewe alasiri kumchana Mama nywele, amesimama, kisha hata hilo akaliacha. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, cherehani ikawa inasikika mpaka ndani ya masikio yake mwenyewe. Alisimamisha gurudumu, akasikiliza. Huko nyuma Mama alikuwa anazungumza na taa.

Roho ilimuuma. Sitaki kulizunguka jambo hili: ilimuuma kama jino. Miaka tisa ya kuinua, kuosha, kufuta, kulisha, halafu anakuja mtu kwa waya, hata waya wenyewe haupo, kwa hewa tupu, anachukua kigoda. Mwenye mikono kashindwa na mwenye sauti.

Siku ya nne, suruali ya mteja ilitaka pasi. Sindano akabonyeza swichi ya soketi, *tak*, akachomoa ripita, akachomeka pasi. Hapo hakuwa na nia mbaya, nitamtetea hata mahakamani. Lakini kutoka chumba cha nyuma spika ikasema, "Samahani, nimepoteza mtandao." Kisha ikaja sauti ya Mama: "Taa, waka. Taa! Wewe taa, huna masikio?" Halafu, kwa mara ya kwanza katika siku nne:

"Sindano! Mwanangu!"

Pasi ikabaki mezani inapata moto peke yake. Sindano alikwenda mbio.

"Hili limekufa," Mama akasema. "Umekuja? Kaa basi."

Sindano akaishusha spika sakafuni, akakaa kwenye kigoda chake. Walizungumza karibu saa nzima. Suruali ya mteja ilipigwa pasi jioni, tena kwa haraka, mkunjo mmoja ukaenda kushoto na mwingine kulia.

Hapo ndipo alipojua kwamba mtandao wote wa Kipusa, na sauti yake, na jicho lake, na upendo wake wa ng'ambo, vilikuwa vikipita kwenye tundu moja ndani ya chumba chake, na kwamba tundu hilo lilikuwa na swichi.

Jamani, nguo zilipigwa pasi katika nyumba ile! Saa nne asubuhi, *tak*. Saa kumi alasiri, *tak*. Alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Alipiga pasi vitambaa ambavyo havijakatwa. Siku wateja walipokosekana kabisa, alikisukuma kioo kirefu, akakisimamisha mbele ya ripita, akijifanya anafagia nyuma yake, na kweli kamera ya Mama ikaanza kukwamakwama. Fundi alikuwa amemfundisha vizuri. Na kila mtandao ulipokufa, dakika mbili hazikupita kabla Sindano hajaingia kwa Mama, chai ya moto mkononi, uso umekunjuka, hadithi tayari. Hakufoka tena. Hakuburuta miguu. Nani angefoka wakati ana mshindani? Alikaa, akachukua kitana, akamchana Mama nywele taratibu kuliko alivyowahi kumchana.

Kipusa akaanza kuuliza kwenye simu. "Dada, mbona kunakatikakatika?"

"Umeme."

"Umeme unakatika kwenye chumba kimoja tu? Ruta ya sebuleni naiona inawaka."

"Umeme wa huku na wewe uliyeko huko, nani anaujua zaidi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini akiwa ndani yake huiona kama barabara.

Siku moja jirani alikuja kumjulia hali Mama. Sindano alikuwa koridoni na trei. Akamsikia jirani akiuliza, "Na dawa, bibi, unakumbuka kunywa?" Na Mama akajibu kwa fahari, "Siku hizi ananikumbusha Kipusa. Hajakosa hata siku moja."

Sindano akageuka na trei yake, akarudi alikotoka. Hajakosa hata siku moja! Na ile miaka tisa, saa tatu na saa moja, saa tatu na saa moja, mvua na jua, alikuwa akikumbusha nani? Usiku huo alilala na nyongo.

Kesho yake, saa tatu ilipokaribia, akaiendea soketi. Mpaka siku hiyo hakuwahi kuigusa saa ya dawa. Hata wivu wake ulikuwa na mipaka. Leo aliivuka. *Tak.* Leo dawa nitampa mimi, kwa mkono wangu, aone nani asiyekosa. Akamimina maji kwenye glasi. Wakati huohuo mlango ukagongwa. Mwalimu wa shule ya jirani, sketi imempasuka, anaingia darasani baada ya nusu saa, tafadhali fundi, niokoe. Sindano akaiweka glasi juu ya kabati. Akaziba mpasuko. Mwalimu kabla hajatoka, akaingia mama mwenye gauni la kupunguza, na huyo alikuwa na maneno mengi kuliko gauni. Baada yake akaja mwingine. Kioo, futi, pini, chaki. Alipogeuka kutafuta mkasi aliouweka juu ya kabati, mkono wake ulikutana na glasi ya maji.

Ilikuwa saa saba kasoro.

Alimkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika mbao ya kitanda kwa mikono miwili, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, uso hauna rangi.

"Mama! Una nini?"

"Kichwa kinazunguka kidogo. Kitaacha."

"Hukunywa dawa?"

"Nilikuwa nakusubiri."

"Mbona hukuniita?"

"Nilijua unakuja," Mama akasema.

Sindano alimpa dawa. Alimlaza, akamwinulia miguu kwenye mto, akamshika mkono mpaka mapigo yakatulia. Hakulia mbele yake. Alikwenda kulia nyuma ya kabati la chuma, akajiapiza kwamba hataigusa tena swichi ile. Siku ya kwanza hakuigusa. Siku ya pili alipiga pasi kwa jirani. Siku ya tatu, saa kumi, aliposikia Mama na taa wanacheka, kidole kilikwenda chenyewe.

Mwisho wa wiki fundi wa mtandao alirudi, na safari hii alikuja na ushahidi. Kipusa alikuwa amemtumia orodha kutoka kwenye programu ya simu yake: siku, saa, dakika, kila mara ripita ilipopotea na kila mara iliporudi. Fundi aliisimamisha simu yenye uso wa Kipusa kwenye meza ya pasi, ikiegemea kopo la vifungo, akasoma orodha kimyakimya. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi.

"Saa nne. Saa kumi. Saa nne. Saa kumi," Kipusa akasema kutoka kwenye kopo la vifungo. "Fundi, kifaa gani hicho kinachougua kwa ratiba?"

Fundi akainama kukagua soketi. Alipoinama aliona chini ya kitanda, ndani ya boksi lililo wazi, ekstensheni mpya ya matundu manne. Akainua macho yakakutana na ya Sindano. Arobaini za mwizi zimetimia, Sindano alijua, na zimetimia mbele ya mwenye mali.

"Ni pasi," fundi akasema taratibu. "Soketi ni moja. Fundi nguo lazima apige pasi."

Bwana yule Mungu amzidishie.

Kipusa alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ile ya asali ya kwenye spika. Ilikuwa sauti ya mdogo wa mtu.

"Dada, saa kumi yenu ndiyo saa yangu ya kupumzika kazini. Nina robo saa. Wenzangu wanakwenda kula, mimi nakwenda chumba cha kubadilishia nguo, nafungua kamera. Siku za mwanzo nilikuona unamchana Mama nywele. Mara mbili tu nimeona, halafu ikaanza kukatika, kila siku saa ileile. Mimi sina mikono ya kufika huko. Nilitaka kutazama tu." Akafuta pua. "Unafikiri sikuonei wivu?"

Sindano alitazama kile kiuso kidogo kwenye simu, chenye macho mekundu na kofia ya maabara. Tangu aanze kuhesabu alichonyang'anywa, hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anahesabu alichobaki nacho. Alimhurumia mdogo wake. Na chini ya huruma hiyo, nisimfiche, palikuwa na furaha ndogo, mbaya, yenye joto: kumbe na yeye!

"Basi tufanye hivi," Kipusa akasema, amejikaza. "Fundi, upitishe waya darini, kutoka sebuleni moja kwa moja mpaka kwa Mama, umfungie ruta yake ndogo hukohuko. Tusimsumbue Dada na soketi yake. Usipite tena chumbani kwake."

"Hilo ndilo bora kuliko yote," fundi akakubali. "Waya haujui ukuta. Hautakatika tena."

Kila mtu alikuwa ameokolewa: uongo umefunikwa, pasi imepata soketi yake, Kipusa atapata robo saa yake. Sindano alipaswa kushukuru. Badala yake alisimama pale, mkono kwenye meza ya pasi, akiuona waya ule ukipita juu ya kichwa chake, darini, kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine, na yeye chini anashona. Yupo tu.

"Hapana," ikaja sauti kutoka chumba cha nyuma.

"Mama?" Kipusa akaita.

"Sitaki waya darini. Utaleta panya. Kidude kibaki palepale kilipo."

"Lakini Mama, hapo ndipo kinapokatika!"

"Nyumba ya nani hii?"

Nyumba ilikuwa yake. Fundi akavuta ekstensheni kutoka chini ya kitanda bila kuuliza ilitoka wapi, akaichomeka, akaweka ripita tundu moja na pasi tundu la pili, akaaga, akavaa viatu. Kipusa akaitwa kazini, uso wake ukazimika kwenye kopo la vifungo.

Sindano aliingia kwa Mama. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Akaitoa spika juu ya kigoda, akaisimamisha dirishani, akakaa. Juu ya kabati kamera ilikuwa inawaka nukta yake ya kijani. Alimfungua Mama kitambaa, akachukua kitana, akaanza upande wa kushoto, kama kawaida. Hakuwa na hadithi siku hiyo.

"Ile swichi yako ina kelele," Mama akasema.

Kitana kikasimama. "Swichi gani, Mama?"

"Si hiyo ya ukutani. Nyingine ipo?" Mama alikuwa ametazama mbele, kwenye mwanga wa dirisha. "Ikilia *tak*, mimi najifunga kitambaa changu vizuri. Najua unakuja kukaa."

Sindano akakumbuka ile saa saba kasoro, ile mikono miwili kwenye mbao ya kitanda, na kitambaa kichwani kilichofungwa vizuri.

"Mama," akasema. "Na siku ile…"

"Hata siku ile nilijifunga." Mama akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akaupata mkono wenye kitana, akaurudisha kwenye nywele zake. "Chana, mwanangu. Ukitaka kuzima, zima. Ila saa ya dawa usizime."